Sindano ilishuka, nami nikanyamaza

Kijana mmoja alinikuta kwenye kibanda cha chai nje ya geti la uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimerusha ndege kutoka Seronera, mbugani Serengeti, shati limenigandia mgongoni, natamani kikombe kimoja tu kabla ya kupanda daladala ya kurudi mjini. Akaniamkia, akavuta stuli, akatoa simu.

"Dada, nimepata shule."

Kwenye simu kulikuwa na ankara. Ada yote ya leseni ya rubani binafsi, ilipwe kwa mkupuo mmoja. Chini yake, kwa herufi nyekundu, punguzo kwa atakayelipa kabla ya Ijumaa. Mama yake ni jirani yetu wa Ngaramtoni, anauza mboga Soko la Kilombero, na alikuwa ameshachukua fomu za mkopo wa SACCOS. Kijana ana miaka 19. Alikuwa ananitazama usoni kana kwamba mimi ndiye nitakayempa ndege yenyewe.

"Unaonaje, dada?"

Nikamwambia, "Hongera, mdogo wangu. Ila usome vizuri mkataba."

Basi. Nikanywa chai yangu nikaondoka.

Wiki tano sasa jibu lile haliniachi. Nikikagua ndege alfajiri linanijia. Nikiosha vyombo linanijia. Maana mimi nilikaa pale alipokaa yeye, nikauliza swali lile lile, na aliyenijibu alinipa maneno mepesi kama niliyompa yeye.

## Kitabu cha saa

Usiku mmoja nilikosa usingizi, nikateremsha sanduku lililo juu ya kabati. Ndani mna kitabu changu cha kwanza cha saa za kuruka. Pembe zimekunjika. Ukurasa wa kwanza una doa la kahawia, alama ya kidole gumba changu mwenyewe, ya siku niliyofundishwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili nikafurahi mno hata nikasahau kujifuta mkono.

Nikausoma ule ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari. Machi 4, saa 1.1. Machi 6, saa 0.9. Machi 9, saa 1.2. Halafu Machi 30. Halafu Aprili 22. Mei nzima ina mistari miwili. Juni haimo kabisa.

Miezi saba. Saa 19.4.

Kima cha chini kinachotambulika kimataifa kwa leseni ile ni saa 40, au 35 kama unasoma mtaala ulioidhinishwa, na wanafunzi wengi huvuka 50 kabla hawajawa tayari kwa mtihani. Kwa mwendo wangu, saa 40 ningezifikisha baada ya miezi kumi na minne. Na hata hizo 19.4 hazikuwa 19.4 kweli. Kutua ndege ni jambo la mikono na macho: ukikaa wiki tatu bila kugusa usukani, mikono inasahau kwanza kabla ya kichwa. Kila niliporudi, somo la kwanza lilikuwa kufufua lililokufa, na mita ya saa inahesabu kufufua sawa na inavyohesabu kujifunza. Kwenye safu ya maelezo neno ni lile lile kwa miezi: kuzunguka uwanja, marudio. Kuzunguka uwanja, marudio.

Kwenye safu ya sahihi kuna wakufunzi wanne. Siwalaumu kwa kuondoka. Mkufunzi kijana anafundisha ili akusanye saa, na siku kampuni ya safari za mbugani ikimpigia simu, anakwenda. Lakini kila aliyekuja alitaka kuniona tangu mwanzo, na mwanzo ule niliulipia mara nne.

## Ndege tatu kwenye kipeperushi

Jina la shule silitaji, wala mji ilikokuwa. Kipeperushi chake kilikuwa na ndege tatu zimepangwa mbele ya banda, nyeupe, zinameta.

Ndege zilikuwepo kweli. Moja ilikuwa inaruka. Ya pili haikuwa na injini. Ilikaa nyuma ya banda, tairi zimelala, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka kwenye kishikio cha mlango hadi kwenye nguzo ya bawa. Utando ule nilianza kuuona mwezi wa kwanza nikadhani wataufagia kesho. Ya tatu iliruka kwa vipindi, kwa sababu fundi alikuwa anavua kifaa huku anavisha kule. Nilimwona kwa macho yangu akichomoa redio kwenye moja na kuipeleka kwenye nyingine asubuhi ya siku ya mtihani wa mwenzetu.

Tulikuwa wanafunzi 22.

Hesabu hii ningeweza kuipiga siku ya kwanza. Ndege moja ikiruka saa nne kwa siku, kila siku, watu 22 watapata saa moja moja kila baada ya siku tano au sita. Hapo mvua haijanyesha, upepo haujavuma, na ndege haijaingia kwenye ukaguzi wa saa 50 au wa saa 100. Sikuipiga. Nilikuwa natazama picha.

## Asubuhi ya sindano

Hili ndilo lililonifanya nichelewe kuandika.

Ilikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa nimebakiza masomo mawili au matatu niruhusiwe kuruka peke yangu. Tulisimama kando ya njia ya kurukia tukafanya ukaguzi wa injini, ule unaofanywa kila mara kabla ya kupaa: unaongeza nguvu hadi mizunguko 1,700 kwa dakika, kisha unajaribu magneto moja moja. Injini ya ndege ndogo ina magneto mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za plagi, na kila silinda ina plagi mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubebe. Ukizima moja, sindano ya mita ya mizunguko hushuka kidogo. Kitabu cha ndege ile kiliruhusu ishuke mizunguko 125, basi.

Nikajaribu ya kwanza. Ikashuka kidogo, sawa.

Nikajaribu ya pili. Sindano ikaanguka hadi chini ya 1,500, na kiti kikaanza kutetemeka chini yangu.

Mkufunzi akapunguza mafuta kwenye mchanganyiko wake na hewa, akaongeza nguvu, akaiacha injini iungue masizi. Hiyo ni njia halali. Mara nyingi plagi imechafuka tu. Tukajaribu tena. Ikashuka hadi 1,510. Ilikuwa bado mbaya, na wote wawili tuliiona.

Nikashika kalamu. Kwenye mfuko wa mlango kulikuwa na kitabu cha hitilafu. Ukishaandika humo, ndege haipai tena mpaka fundi aikague na kutia sahihi.

Akasema kwa upole kabisa, kama kaka anayemshauri mdogo wake, "Ukiandika, inalala wiki mbili. Na wewe umebakiza kidogo tu. Twende raundi tatu, tukirudi nitamwambia fundi."

Nikarudisha kalamu mfukoni.

Tukaruka raundi tatu. Hakuna kilichotokea. Injini ilinguruma vizuri, jua lilikuwa zuri, nilitua vizuri kuliko siku zote akanipongeza. Kwenye kitabu changu mstari ule upo: saa 0.8. Hauna tofauti na mingine.

Usiku nililala macho wazi. Kwangu injini haikuwa kitu cha kutisha kama mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 24, nimesoma sheria za anga, najua kwa maandishi kwamba rubani anayeona kasoro anasema. Niliona. Kalamu nilikuwa nayo. Sikusema.

## Pesa iliyotangulia

Kwa muda mrefu nilijiambia ni uoga, au ni malezi. Kwetu Machame mtoto habishani na mkubwa, na mkufunzi ni mwalimu, na mwalimu ni mzazi. Kuna ukweli hapo. Lakini nikikumbuka vizuri kilichopita kichwani mwangu katika sekunde zile, haikuwa heshima. Lilikuwa shamba la baba.

Baba aliuza shamba la tambarare, lile la mahindi kule chini. Kihamba, shamba la ukoo, hakuuza, kihamba hakiuzwi, lakini lile la chini lilikwenda, na fedha yake pamoja na akiba yangu ilikuwa dola 11,000, na yote niliilipa siku moja ili nipate punguzo. Tangu siku hiyo sikuwa mteja tena. Nilikuwa mtu anayengoja vitu vyake. Nikilalamika ratiba, naambiwa zamu yangu itafika. Nikiuliza ndege ya pili itapona lini, naambiwa spea ziko njiani. Kila neno nililotaka kusema nililipima kwanza: je, watanisukuma nyuma ya foleni?

Nilipoamua kuondoka, nikaomba salio. Nikaonyeshwa kifungu kwenye mkataba: ada ikishalipwa hairudishwi. Nilikuwa nimekisoma. Nilikisoma vizuri kabisa kabla ya kutia sahihi, na hakikunisaidia kitu, kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshapanda ndege.

Ndiyo maana neno "usome vizuri mkataba" linanichoma.

Na huu si ugonjwa wa kwetu peke yake. Februari 2008, kule Las Vegas, Marekani, shule ya helikopta iitwayo Silver State Helicopters ilifunga milango kwa siku moja na kuomba kufilisika. Wanafunzi wake walikuwa zaidi ya 2,000, wengi wakiwa na mikopo ya karibu dola 70,000 kila mmoja, na shule imeshachukua fedha. Aprili 2023, mjini Dundee, Scotland, Tayside Aviation, shule ya miongo mingi, ilisimama ghafla, na waliolipa mbele wakabaki na masomo nusu. Nchi zenye mamlaka kali za anga, zenye mahakama zinazofanya kazi. Shule ya ndege inakula fedha nyingi: mafuta, bima, spea, ukaguzi. Ikianza kutumia ada ya mwanafunzi mpya kununua mafuta ya mwanafunzi wa zamani, siku wapya wakipungua jengo lote linaanguka, na aliyelipa zote ndiye anayebaki chini ya kifusi.

Punguzo la kabla ya Ijumaa linaweza kuwa ukarimu. Linaweza pia kuwa shule haina mafuta ya Jumatatu.

## Shule ya pili

Nilikaa mwaka mzima Moshi nikiuza dukani kwa shangazi. Kisha nikaanza upya mahali pengine, na safari hii nililipa saa tano tano. Zikiisha nalipa nyingine. Walikubali bila kununa, na hilo tu lilitosha kunionyesha kwamba hawaishi kwa fedha yangu ya kesho.

Wiki ya tatu nilikuta mpasuko mdogo kwenye kifuniko cha taa ya bawa. Mpasuko wa kucha. Nikauandika kwenye kitabu cha hitilafu, mkono unatetemeka kweli, huku wanafunzi wengine watatu wanangoja ndege ile ile. Mkuu wa wakufunzi akaja, akasoma, akaenda kuutazama, akasema, "Asante." Akamwita fundi. Tukakaa saa moja na nusu.

Hakuna aliyeninunia. Mmoja wa wale watatu aliniletea karanga.

Nililia chooni. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kule ndiko nilikoimaliza leseni, kisha nikaendelea hadi ya biashara, na leo nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria. Shule ile haikuwa na jengo zuri. Ilikuwa na ndege nne za zamani, na zote zilikuwa zinaruka.

## Yale ambayo ningemwambia pale pale

Kabla ya senti yoyote, daktari. Siyo wa zahanati ya mtaani, bali daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga kupima marubani. Na anayetaka ajira apime daraja la kwanza tangu mwanzo, hata kama leseni ya binafsi inamtaka daraja la pili tu. Tulikuwa na mwenzetu aliyegundua tatizo la kutofautisha rangi baada ya kuruka mwaka mzima. Kipimo kile ni cha dakika chache.

Halafu uende shuleni siku ya kazi, bila taarifa, ukae nje uhesabu. Usimsikilize mtu wa ofisini. Tazama njia ya kurukia. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita, ndege ngapi za shule zimepaa? Zilizosimama zimesimama kwa nini? Waulize wanafunzi, na waulize mbali na ofisi, huko wanakokula: una saa ngapi, na umeanza lini? Hayo mawili tu. Ugawanye mwenyewe.

Uliza saa inahesabiwaje. Kuna mita inayoanza injini ikiwaka, na kuna inayokwenda kulingana na mizunguko ya injini, na bei ya "saa moja" kwa hizi mbili si bei moja. Penye uwanja wenye foleni unaweza kulipia dakika kumi na tano za kungoja chini. Anayeijua Kisongo asubuhi, Caravan zimepangana zikisubiri kwenda mbugani, ananielewa.

Cheti cha shule usikubali kukionyeshwa ukutani tu. Nenda Mamlaka ukaulize kama kiko hai na kinaruhusu mafunzo gani. Kama shule iko nje ya nchi, waulize pia wewe ukirudi na leseni ile utatakiwa kufanya nini ili utambulike hapa. Nimewaona waliorudi na leseni mfukoni wakakaa nyumbani miezi.

Na kama umefundishwa pwani na unataka kazi huku kwetu, tafuta mkufunzi akuonyeshe kwa vitendo maana ya mwinuko. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,390 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko zaidi ya mita 2,100. Inakimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, inapanda polepole, na Mlima Meru umesimama pale pale. Mkufunzi asiyekaa na wewe kupiga hesabu ya uzito kabla ya kupaa mchana kama huo, mkimbie.

Lakini yote hayo yako chini ya hili moja: lipa kidogo kidogo. Saa tano, saa kumi basi, hata kama bila punguzo inakuwa ghali. Tofauti ile ya bei ni bei ya kuweza kusema "leo siruki" bila kuwaza shamba la mzazi wako.

## Jumapili, Ngaramtoni

Nilijua Ijumaa ilishapita, tena siku nyingi. Nilikwenda kwao baada ya ibada nikiamini nakwenda kutoa pole tu.

Hawakuwa wamelipa. Mdhamini mmoja wa mkopo alikuwa safarini, na shule, kumbe, ilikuwa imeongeza muda wa punguzo mara mbili.

Nikaweka kitabu changu mezani. Mama yake akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akaanza kusoma tarehe kwa kidole kama nilivyofanya mimi. Yeye anaandika hesabu za mboga kila jioni, hakuhitaji kueleweshwa safu. Akafika Aprili akasimama.

"Hapa na hapa, mwanangu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nangoja, mama."

Akaenda Mei. Akaenda Juni isiyokuwepo. Kisha nikawasimulia asubuhi ya sindano, mara ya kwanza kumsimulia mtu yeyote. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, akauliza swali ambalo nililijua linakuja.

"Sasa dada, kwa nini hukukataa?"

"Nilikuwa nimeshalipa."

Mama akavua miwani. Akachukua zile fomu za SACCOS juu ya meza, akazikunja, akazirudisha kabatini chini ya vitambaa.

Jumatano tunapanda basi watatu kwenda kuiona ile shule. Nimeomba kubadilishana zamu. Hatujawaambia kwamba tunakuja.